Kuchimba feza ya zamani pasipo kuharibu majani ya lupango

Mara mingi watu wanakuya kwa chama chetu kutuuliza kama wanaweza kuchimba ndani ya lupango yao juu ya kutafuta feza ya wazee. Kawaida habari ni moja: nkambo alizika mukebe, kisha akafa pasipo kuonyesha mahali. Wengine wanatuletea franga moja ya tembo yenye mutoto aliokota wakati wa kulima muhogo, na tangu ile siku hawalale tena, wanafikiri kama nyumba yao yote imesimama juu ya hazina. Tunawasikiliza. Halafu tunawauliza: mutachimba namna gani? Hapo wananyamaza, kwa kuwa kwa mawazo yao kuchimba ni kuchimba tu, kukamata jembe na kupiga.

Tumeona lupango zenye zilichimbwa namna hiyo. Ni sawa vile nguruwe wamepita. Majani yamekauka, mizizi ya muti wa embe inaonekana inje, mvua ya Januari imejaza mashimo na maji, na mbu wamepata kwao. Na feza? Hakuna, ao ilipatikana lakini jembe lilipasua mukebe na kukunja vipande. Kwa hiyo tumeona ni vizuri kuandika hapa namna ya kuchimba. Lakini mbele ya kusema namna, inafaa kusema ni feza gani inalala katika udongo wetu wa Katanga, kwa maana mwenye hajue kile anatafuta hatajua pia kile anaharibu.

Feza ya kwanza ya inchi hii haikutoka Ulaya. Ni musalaba wa shaba. Wazee wa pande zetu walikuwa wakiokota malakiti, lile jiwe la kijani, wakati wa kiangazi, wakati kazi ya mashamba imepunguka. Tanuru walijenga na udongo wa kichuguu, kwa kuwa ule udongo unavumilia moto. Makaa, mivuo, wimbo na miiko yake, na usiku shaba inayeyuka. Kisha waliimwanga katika umbo lililochorwa ndani ya muchanga, na ikatoka musalaba wenye mikono ine. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu ya mafundi hao katika mwaka wa 1926 na akawaita « wala shaba », jina lenye wao wenyewe walijiita. Musomaji asicheke. Mutu anakula kile kinamulisha, na hawa walilishwa na mukuba.

Misalaba mikubwa yenye tunaona leo katika museo inafika karibu sentimetre 20, na uzito wake unaweza kupita nusu ya kilo. Hiyo ni ya siku za karibu. Ya zamani zaidi tunaijua kutoka makaburi ya pembeni ya maziwa ya Upemba, zaidi sana pa Sanga, kando ya ziwa Kisale. Katika mwaka wa 1957 na wa 1958 Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba pale. Kuanzia mwaka wa 1974 Pierre de Maret alirudilia kazi, akachimba tena Sanga na mahali pengine pa jirani, kama vile Katongo, Kamilamba na Malemba-Nkulu. Ndani ya makaburi hayo walisoma historia ya watu wetu kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Sasa musikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo pana jambo lenyewe. De Maret hakusema kama musalaba ulikuwa feza kwa sababu mutu fulani alimuambia. Alisema hivyo kwa kuangalia mahali ulilala. Katika makaburi ya karne ya 13, 14, 15, misalaba ni mikubwa kidogo na si mingi. Mara nyingi umoja tu umewekwa juu ya kifua cha marehemu. Ile ni kitu cha heshima, labda cha ukubwa, cha malipo ya mambo makubwa kama ndoa. Katika makaburi ya kisha, misalaba inakuwa midogo, mingine haipite upana wa vidole viwili, inafanana yote, na haiko tena kifuani: iko karibu na mikono ao karibu na kiuno, mingi pamoja, sawa vile ilikuwa imefungwa. Mutu anayebeba vipande vingi vya kufanana kiunoni anabeba feza. Anaenda nayo sokoni. Na ile shaba haikutoka Upemba. Pale hakuna machimbo ya shaba. Ilitoka kusini, pande za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi ya leo, ikapita mukono kwa mukono mpaka kwa wavuvi wa ziwa.

Muone basi. Kama kijana wa muji angekuwa amefika pa Sanga mbele ya hao wataalamu, akachimba na jembe, akatoa misalaba yote na kuitia katika mufuko, tungekuwa na nini leo? Mufuko wa shaba. Tusingejua kifuani ao kiunoni, umoja ao kumi, chini ao juu. Historia yote ile ilikuwa katika sentimetre chache za mahali.

Kisha ikakuya feza ya Wazungu. Leopold II alianza kutengenezesha feza ya chuma ya Dola Huru la Kongo katika mwaka wa 1887: ya shaba ilikuwa na tundu katikati, na ya feza nyeupe ilikuwa na uso wake. Watu walipenda zile za tundu kwa sababu zilipita katika kamba, na kamba inafungwa kiunoni sawa vile zamani. Chini ya Albert, kwa miaka ya 1920, likafika muti wa ngazi, na uso wa mufalme upande mwingine. Wakati wa vita ya pili Ubelji ilikuwa mikononi mwa Wadachi, na feza yetu ikatengenezwa mbali: ile ya franga 2 ya mwaka wa 1943, yenye pembe sita, ilitoka Philadelphia huko Marekani, na ya tembo ya mwaka wa 1944 ilitoka Pretoria. Kati yazo iko franga 50 ya feza nyeupe ya kweli, pia na tembo, na ni hiyo wafanya-biashara wanatafuta sana. Katanga ya kujitenga ikatoa yake katika mwaka wa 1961, franga 1 na franga 5, upande mumoja ndizi na upande mwingine musalaba wa shaba. Hivi musalaba ulirudi katika feza, na hata katika bendera, kwa muda usiofika miaka mitatu.

Likuta na sengi zilikuya katika mwaka wa 1967 pamoja na zaire. Vijana wetu wa leo hawajue kabisa feza ya chuma. Tangu franga ya Kongo ilirudi katika mwaka wa 1998 tunatembea na karatasi tu, na karatasi zenyewe muko munaziona namna ziko. Kwa hiyo ukionyesha mutoto kipande cha chuma na kusema hii ilinunua mukate, anakuangalia sawa vile unamudanganya.

Kwa nini watu walizika? Wengine wanajibu haraka kama ni ushamba, kutojua banki. Hapana. Wazee walijua banki, na wakajua pia mambo yenye inaweza kufanya. Tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, redio ilitangaza kama noti za zaire 5 na zaire 10 zimekufa. Siku chache tu za kubadilisha, na kwa kiasi. Mwenye alikuwa muji na mwenye alijuana na watu, alijitafutia njia. Mwenye alikuwa katika kijiji cha mbali alisikia habari wakati mambo ilikuwa imeisha. Katika mwaka wa 1993 zaire mupya ikakuya: zaire milioni 3 za zamani zikawa moja. Mutu mwenye ameona hayo, unamuambia nini juu ya kuweka akiba?

Sababu nyingine ni kukimbia. Miaka ya 1960 mpaka 1963 hapa Lubumbashi. Mei 1978 kule Kolwezi. Uporaji wa mwaka wa 1991. Na katika mwaka wa 1992 na wa 1993, jamaa zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walilala siku mingi pa gare kungojea gari la moshi, na wengi walikufia pale ao njiani. Mutu anayekimbia hachukue chuma kizito. Anachimba usiku, anafunika, anapanda kitu juu, anahesabu hatua. Anajiambia: nitarudi.

Tunapenda kueleza sasa jambo moja lenye tuliona sisi wenyewe, kwa kuwa katika jambo hilo tulijifunza namna ya kuchimba kuliko katika vitabu.

Katika mwaka wa 2004 dada mumoja alifika kwa chama kutoka Mbuji-Mayi. Alizaliwa Likasi, baba yake alikuwa mufanya-kazi wa kampani. Walipofukuzwa alikuwa musichana wa miaka kumi na sita. Baba alifia huko Kasai, na mbele ya kufa alimuambia: hatua saba toka ngazi ya jiko, kuelekea muti wa avoka. Dada huyu hakuwa na madai ya nyumba. Alisema hivyo mara tatu, mbele hata tumuulize. Alitaka tu ule mukebe, na aliogopa kwenda peke yake kupiga hodi kwa watu wenye wanakaa leo katika lupango ya baba yake.

Tulienda naye, watatu. Mwenye lupango ni mama mujane, muzee wa miaka karibu sabini. Alitupokea vizuri, akatupatia viti, akatupatia maji. Lakini aliposikia habari uso wake ulibadilika. Akaingia ndani, akarudi na karatasi katika plastiki.

« Mwanangu, lupango hii njo tulinunua na bwana. Karatasi njo hii. Hatukunyanganya mutu. »

« Mama, sikukuya juu ya lupango. »

« Bote banasemaka vile. Leo mukebe, kesho nyumba. »

Tuseme ukweli: kila mumoja alikuwa na haki ya kuogopa. Mama alisikia mwingi habari za watu wenye wanarudi na wakili. Na dada, vile alituambia kisha, alipoona muti wa avoka hauko tena, alijiambia kama hawa wamekwisha kuchimba na wamekula. Tulirudi mara tatu. Mwisho shefu wa avenyu aliandika karatasi: dada anachimba siku moja, mbele ya mashahidi, kile kitapatikana cha feza ni chake, hakuna madai juu ya lupango leo wala kesho, na majani ya mama hayataharibika.

Hilo la mwisho mama mwenyewe alilitia. Jioni ile tulidhani ni neno la kujaza karatasi tu. Kumbe kwake ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Majani yale, paspalumu ya kijani yenye kufunika lupango yote toka ngazi mpaka ukuta, alikuwa ameyapanda yeye mwenyewe, kipande kwa kipande, mwaka wenye bwana yake alikufa. Watu walikuwa wamekaa pale juma nzima kwa kilio, miguu ikamaliza kila kitu, ikabaki vumbi. Walipoenda, alianza kupanda.

Basi tulichagua Desemba. Huu ndio ushauri wa kwanza: musichimbe majani katika kiangazi. Kati ya Mei na Septemba udongo wetu ni kama tofali, unapasuka vipande, mizizi inakatika na haishike tena. Wakati wa mvua udongo unakubali, na kipande kilichorudishwa kinapona. Kama mvua imekosa siku mbili, mwanga maji jioni ya mbele. Lakini usichimbe pia wakati maji yanasimama juu, kwa kuwa utakanyaga na kugeuza yote kuwa matope.

Kisha tulipima. Mambo ya hatua ni ya kuangalia sana. Dada alihesabu hatua saba, akafika mahali. Muzee mumoja wa chama akamuuliza: baba yako alikuwa murefu gani? Alikuwa murefu sana. Basi tukatafuta kijana murefu wa avenyu, akatembea hatua saba za mutu mwenye anatembea usiku, si za askari, na akafika karibu metre moja na nusu mbele. Na muti wa avoka? Mama alitukumbusha kama ulikatwa, lakini mahali pa shina majani yanaota mazito na udongo umeshuka kidogo. Tulivuta kamba toka ngazi mpaka pale. Wengi wanaanza kuchimba mbele ya kufanya hesabu hii, na ndiyo sababu wanageuza lupango nzima.

Mashine ya kutafuta chuma hatukuwa nayo. Na hata ingekuwa, katika lupango za miji yetu italia kila mahali: misumari, mifuniko ya bia, vipande vya mabati. Tulitumia chuma cha beto cha milimetre 6, urefu wa mukono, kilichonolewa ncha. Unasukuma polepole, wima, kila sentimetre 20, kwa kufuata kamba. Usipige na nyundo. Jiwe linajibu kwa ukali, muzizi unajibu kwa ulaini na kurudisha mukono, bati linajibu kwa sauti ya utupu. Tundu la chuma hiki linafunga lenyewe na mvua ya kwanza. Mahali chuma kilijibu tulisimamisha kijiti. Tulipata vijiti vitano.

Kwa kila kijiti, ni hivi tulifanya. Na panga iliyonolewa vizuri ulikata pande tatu za muraba, karibu sentimetre 30 kila upande, na upande wa ine tuliacha pasipo kukata. Makali yaende chini wima mpaka sentimetre 10, chini ya mizizi. Kisha unaingiza panga kwa ulalo chini ya majani na kuyainua polepole, na yanafunguka sawa ukurasa wa kitabu, yakiwa yangali yameshikwa upande mumoja. Upande ule wenye haukukatwa ndio unalisha kipande wakati wa kazi, na ndio unalirudisha mahali pake kamili. Mwenye kukata pande zote ine anabaki na kofia yenye kuku watavuta asubuhi. Juu ya mizizi iliyo wazi tulifunika gunia lenye maji.

Udongo hautupwe juu ya majani hata kidogo. Tulitandika magunia mawili: kwa la kwanza udongo mweusi wa juu, kwa la pili udongo mwekundu wa chini. Wakati wa kurudisha, mwekundu kwanza, mweusi kisha. Ukichanganya, majani yatakuwa ya manjano mwaka muzima na kila mugeni atauliza nani alizikwa pale. Ndani ya shimo hatukutumia jembe tena. Tulitumia mwiko wa mwashi na mikono, na kila udongo ulipita katika chekecheke, kwa kuwa franga yenye kutu ina rangi ya udongo wenyewe.

Kijiti cha kwanza: kopo ya sardini. Cha pili: jiwe. Mama alikuwa amekaa kwa ngazi, mikono magotini, anaangalia miguu yetu zaidi kuliko shimo. Kila shimo tulifunga mbele ya kufungua lingine, na hilo tunalisisitiza sana. Usifungue mashimo matano pamoja. Unafunga na kukanyaga kidogo kidogo kwa kila tabaka, unamwanga maji kikombe kimoja ili udongo ushuke leo kuliko kushuka kesho, unarudisha ukurasa, unaweka ubao juu na kusimama juu ya ubao. Shimo la kwanza lilipofungwa, mama aliamuka, akapitisha muguu pasipo kiatu juu yake. Hakusema kitu. Akarudi kukaa, lakini tuliona mabega yake yameshuka.

Kijiti cha tatu, chuma kilikuwa kimejibu kwa sauti ya utupu. Kwa kina cha karibu sentimetre 40 tuliona duara la kutu. Hapa tena kuna kosa la watu wengi: wanavuta. Mukebe wa maziwa ya unga ukikaa zaidi ya miaka kumi katika udongo wa mvua unabaki kivuli cha mukebe. Tulichimba pembeni yake, tukaingiza kipande cha bati chini, tukauinua wote pamoja na udongo wake, sawa vile unabeba yai.

Ndani mulikuwa kitambaa, na katika kitambaa feza ya chuma, vipande 41. Tembo wa franga moja ndio wengi. Moja ya pembe sita. Mbili za tundu. Moja ya franga 5 ya mwaka wa 1961, na musalaba. Chini ya yote, katika plastiki, furushi la noti za zaire 5 zilizoshikamana na kuwa kama sabuni. Noti zenye zilikufa siku ya Noeli ya mwaka wa 1979. Baba alikimbia katika mwaka wa 1993 na bado alizizika. Dada alikaa chini kwa majani na hakuweza kusema. Alituambia kisha kama nyumbani walijua kuna siku baba aliacha kusema juu ya kujenga, lakini hakuna mutu alijua sababu.

Alitaka kusugua zile franga hapohapo na limao na muchanga, vile watu wanafanya. Tulimukataza. Kutu ya kijani ya shaba inakingia chuma chini yake. Ukisugua, tarehe na sura vinaenda pamoja na kutu. Maji safi, kitambaa laini, na kukausha. Hiyo inatosha.

Mufano huu unafaa kwa mukebe wa baba katika lupango. Haufae kwa misalaba, na tunaomba wasomaji wasichanganye. Kwa bara, pembeni ya maziwa na pembeni ya machimbo ya zamani, kuna vijana leo wenye wanatafuta misalaba juu ya kuuzisha. Kuna munizi, kuna mwenye kuja na gari toka muji, na bei ya kwanza ni kidogo sana mbele ya bei ya mwisho huko Ulaya. Hakuna namna ya kukata majani vizuri juu ya kaburi la nkambo wa mutu. Hata ukirudisha majani, kile kilisemwa na mahali kimekwisha potea. Tena kuna sheria: ordonansi namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inakataza kuchimba vitu vya zamani pasipo ruhusa, na inataka kila mwenye kuvipata hata kwa bahati avitangaze kwa wakubwa wa serikali wa mahali. Tunajua vile watu wanajibu: mukubwa mwenyewe atauzisha. Inawezekana. Basi mutu apige picha mbele ya kutoa, aandike kina na pande, aite mwalimu wa historia wa karibu, na habari ifike kwa museo ya taifa ya Lubumbashi. Musalaba ukiibwa kisha, angalau mahali pake pameandikwa.

Na mahali penye kulikuwa vita kati ya mwaka wa 1998 na wa 2003, pande za Pweto, Manono, Moba, musisukume chuma katika udongo hata kidogo. Chini kunaweza kuwa kitu kingine kisichokuwa mukebe. Hilo hatuna haja ya kulieleza kwa wenyeji.

Tunarudi Likasi kidogo tu. Wakati wa kuaga, dada alitoa ile franga 5 ya musalaba na kumupa mama mwenye lupango katika mikono miwili. Mama alikataa. Dada alipiga magoti, akaacha mikono vile ilikuwa. Mwisho mama aliikamata, akaiangalia mbali na macho yake ya uzee, akasema: « Hii bwana yangu alikuwaka nayo moja, alipoteza. » Kisha akaingia jikoni, na hatukuenda mbele ya kula.

Vijiti viwili vya mwisho hatukufungua. Dada alisema haina lazima.

Katika Februari 2005 mumoja wetu alipita Likasi kwa kazi yake, akaingia kusalimia. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri mwaka ule. Alitembea toka ngazi ya jiko hatua saba, za murefu na za mufupi, na hakuona mahali. Mama alimuonyesha yeye mwenyewe na ncha ya fimbo: pale, na pale, na pale. La pili, lile la jiwe, alilalamika kama limeshuka kidogo. Alipewa haki, na kijana wa avenyu aliletwa na kikapu cha udongo mweusi.